Kuhifadhi na Kufungua: Udi, Uturi na Kasha la Bibi Harusi katika Historia ya Mji Mkongwe, Unguja

Utangulizi

Katika baadhi ya familia zenye uwezo za Ufaransa na Uingereza ilikuwa desturi kununua mvinyo mtoto anapozaliwa, kuulaza katika ghala la chini ya ardhi, na kuufungua mtoto huyo anapofikia utu uzima au anapofunga ndoa. Wageni walionywa siku hiyo walikunywa mvinyo, lakini pia walikunywa muda: miaka 20 au zaidi ambayo chupa ililala gizani bila kuguswa na mtu. Wanahistoria wa Ulaya wameandika mengi kuhusu desturi hiyo. Kwa upande wa pwani ya Waswahili, swali linalolingana nalo halijapewa nafasi ya kutosha, yaani: ni kitu gani kilichohifadhiwa kwa miaka mingi katika nyumba za Mji Mkongwe kikisubiri siku moja tu ya maisha?

Makala hii inalijibu swali hilo kwa kuangalia manukato yaliyotunzwa ndani ya kasha: udi, ambari na uturi. Hoja yake kuu ni kwamba kuhifadhi kitu kwa miaka 20 ni kudai kwamba miaka hiyo 20 ni yako, kwamba nyumba itakuwa imesimama, binti atakuwa hai, na mali itakuwa bado mikononi mwa aliyeiweka. Si kila mtu wa Unguja aliyekuwa na haki ya kudai hivyo. Kwa hiyo historia ya kufungua chupa ya uturi siku ya harusi haiwezi kutenganishwa na historia ya utumwa, mirathi, mapinduzi na uhamaji katika kisiwa hiki.

Mvinyo usiokaa

Mvinyo si mgeni wa jana katika pwani hii. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja bidhaa zilizoletwa kwenye masoko ya Azania: mikuki, vishoka, visu na vyombo vya kioo. Kisha unaongeza kwamba katika baadhi ya mahali wafanyabiashara walileta mvinyo na ngano, wala si kwa kuuza, bali kwa kujipatia hisani ya wenyeji. Katika mojawapo ya maandishi ya kale kabisa yanayoieleza pwani ya Afrika Mashariki, basi, mvinyo unaonekana tayari ukifanya kazi ya kijamii. Ulitolewa ili mlango ufunguliwe.

Hata hivyo, msamiati wa Kiswahili unaonyesha kwamba kinywaji hicho kiliendelea kuwa cha mtu mwingine. Neno mvinyo limetokana na Kireno, lugha ya watu waliofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 16 na kupoteza nguvu zao katika sehemu hii ya pwani baada ya Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanguka mwaka 1698. Neno divai limetokana na Kifaransa, na ndilo lililozoeleka katika Biblia na katika ibada ya misa. Hakuna mojawapo ya maneno hayo mawili linalotoka katika mzizi wa Kibantu. Lenye asili ya nyumbani ni tembo, kinywaji cha mnazi, nacho kina tabia iliyo kinyume kabisa na ile ya mvinyo wa ghalani. Tembo la asubuhi ni tamu; la jioni ni kali; likilala siku chache huwa siki. Mgema hawezi kumwekea mwanawe tembo la arusi. Thamani ya tembo imo katika kunywewa leo.

Sababu ya kwanza ya mvinyo kutoingia katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni dini, na haihitaji maelezo marefu. Sababu ya pili ni ya hali ya hewa, nayo haitajwi mara kwa mara. Mvinyo wa kuhifadhiwa hupendelea ubaridi wa nyuzi 12 hivi za Selsiasi, usiopanda wala kushuka. Wastani wa joto la Unguja kwa mwaka ni takribani nyuzi 26, na kuta nene za mawe ya matumbawe, ingawa hupunguza ukali wa jua la mchana, hazigeuzi chumba cha chini kuwa ghala la Bordeaux. Chupa iliyolazwa humo miaka 20 ingepikika polepole. Wamarekani waliofungua ubalozi wao mdogo mwaka 1837, Waingereza waliofuata mwaka 1841, na wafanyabiashara wa Kigoa waliouza vinywaji na vyakula vya makopo katika mitaa ya mji walikuwa na mvinyo, na harusi za Wagoa Wakatoliki ziliunywa. Lakini ulikuwa mvinyo wa kuja na kuisha, ukifuata ratiba ya meli.

Sheria nayo ilichangia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliojulikana zaidi kwa vifungu vyake dhidi ya biashara ya watumwa, uliweka pia eneo la Afrika ambamo uingizaji wa pombe kali ulidhibitiwa, na eneo hilo lilijumuisha visiwa vilivyo umbali usiozidi maili 100 za baharini kutoka pwani. Unguja ilikuwa ndani yake. Mkataba huo ulilenga pombe za kukenekwa, wala haukulenga mvinyo wa zabibu; lakini kwa kugawa vinywaji kati ya Wazungu na wenyeji, ulizidi kukifanya kinywaji cha chupa kuwa alama ya klabu ya Shangani kuliko ya ukumbi wa harusi wa Malindi.

Vitu vinavyokomaa katika joto

Kama mvinyo haukuweza kukomaa Unguja, vipo vitu vilivyoweza. Ambari ndiyo ya kale zaidi katika maandishi. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ambari iliyo bora kuliko zote ni ile inayopatikana katika visiwa na fukwe za nchi hiyo. Chimbuko lake ni tumbo la nyangumi mkubwa mwenye meno. Ikitoka ni nyeusi, laini na yenye harufu ya kuchukiza. Ikielea baharini kwa miaka, jua, chumvi na hewa huibadilisha ikawa kijivu au nyeupe, ngumu, na harufu yake hutulia ikawa tamu. Kwa maneno mengine, ambari ni kitu ambacho kabla ya kuokotwa na mvuvi wa Makunduchi au Nungwi kimekwisha kuhifadhiwa na bahari yenyewe.

Udi una safari ndefu zaidi. Mti wake, wa jenasi ya Aquilaria, hauoti Afrika Mashariki. Makazi yake ni Assam na misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Mti mzima wenye afya hauna harufu ya maana. Ni pale unapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu ndipo hutoa utomvu mzito wa kujikinga, na kiini chake kikawa cheusi na kizito. Mchakato huo huchukua miaka mingi. Vipande vya kiini hicho vilifika Unguja kupitia Bombay na bandari za Ghuba, katika majahazi ya pepo za kaskazi na katika maghala ya wafanyabiashara wa Kihindi. Uturi nao, hasa ule wa Kannauj kaskazini mwa India, ulitengenezwa kwa kuunyeyesha mvuke wa maua ndani ya mafuta ya msandali, kisha kuwekwa katika viriba vidogo vya ngozi hadi unyevu wote utoke. Mafuta ya msandali na ya udi hayaogopi joto kama mvinyo unavyoliogopa. Yakifungwa vizuri na kuwekwa gizani, makali ya mwanzo huondoka na harufu huwa ya duara, kama wajuzi wanavyosema. Wauzaji wa manukato huupima uturi kwa tola, kipimo cha Kihindi kisichofika gramu 12, na tola moja iliyokaa huuzwa kwa bei tofauti na tola ya jana.

Pamoja na hivyo vilikuwepo vingine vya kuchanganywa: miski, zabadi, zafarani, tibu, dalia, liwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inayafafanua maneno kadhaa ya aina hii, na wingi wake ni ushahidi wa kutosha kwamba huu ulikuwa uwanja wa maarifa, si wa urembo mtupu. Udi wa kupikwa unadhihirisha hilo. Vipande vya udi hutiwa katika sukari iliyoyeyushwa, vikapewa marashi ya mawardi, miski na mafuta, vikachanganywa kwa kadiri ambayo kila mpishi huilinda, kisha hufungwa katika chombo kisichopitisha hewa na kuachwa. Ukifunguliwa mapema hunuka sukari. Ukiachiwa muda wake, harufu moja haiwezi tena kutengwa na nyingine. Mpishi wa udi hupima kazi yake kwa pua, na kwa kumbukumbu ya udi aliowahi kuunusa katika nyumba ya mtu mwingine.

Kazi ya kijamii ambayo Periplus iliupa mvinyo ilikwisha kuhamia kwenye manukato karne nyingi kabla ya Busaidi. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa kwa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa mawardi ya Damascus yeye pamoja na kadhi. Hakuna kinywaji kilichotajwa katika mapokezi hayo ya kwanza. Heshima ilikuwa katika kunukia. Miaka 500 baadaye, Sayyid Said bin Sultan alipoipeleka meli ya Al-Sultanah New York chini ya Ahmad bin Naaman, mwaka 1840, zawadi kwa Rais wa Marekani zilijumuisha farasi, lulu, shali, na chupa za uturi wa waridi. Mtawala wa Unguja alimpelekea mkuu wa nchi ya mvinyo na wiski kile ambacho kwake kilikuwa kilele cha adabu.

Kasha na mwenye kasha

Manukato haya yalikaa ndani ya kasha. Makasha mengi ya Unguja hayakutengenezwa Unguja. Sheila Unwin, katika kitabu chake kuhusu makasha ya Kiarabu, anayapanga kwa majina ya kibiashara kama Surat, Bombay na Shirazi, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitoka India. Mti wake ni msaji au mti mwingine mgumu, uso wake umepigwa misumari na mabamba ya shaba, na ndani yake upande mmoja kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko. Chini ya kisanduku hicho huwa na mitoto ya siri. Vito vilikaa humo, na chupa pia.

Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anatoa picha ya nyumba ambamo makasha ya nakshi na shaba yalichukua nafasi ya makabati ya Ulaya, na ambamo manukato yalikuwa sehemu ya mavazi. Ushahidi wake ni wa thamani, ingawa unapaswa kusomwa kwa hadhari: aliandikia wasomaji wa Berlin, akiwa ameishi Ujerumani karibu miaka 20, na harufu ya nyumba ya utotoni ni miongoni mwa vitu ambavyo uhamishoni huongezeka uzito. Jambo moja katika maisha yake linagusa moja kwa moja hoja ya makala hii. Baba yake alipofariki mwaka 1856 alitangazwa kuwa mtu mzima akiwa na umri wa miaka 12 ili apewe sehemu yake ya mirathi. Miaka 10 baadaye, alipoondoka Unguja kwa siri mwaka 1866, aliyaacha nyuma maisha yaliyokuwa na haki hizo, na madai yake ya mirathi aliyoyafufua aliporudi mwaka 1885 hayakufanikiwa. 

Kisheria kasha la bibi harusi lilikuwa lake. Mahari ni haki ya mke, na alichopewa na wazazi wake wakati wa kuozwa hakikuwa cha mume. Akiachwa, aliondoka nacho. Lakini kabla ya harusi hali ilikuwa nyeti zaidi, na hapa ndipo chupa moja ya uturi inapokuwa tatizo la kifiqhi. Mama anayemwekea binti yake uturi kwa miaka 15 bado ndiye mmiliki wa uturi huo. Akifa kabla ya harusi, chupa inaingia katika mirathi pamoja na kila kitu alichokiacha, na kila mrithi ana fungu lake ndani yake. Nia yake haimfai binti. Ili chupa iwe ya binti kwa yakini, ni lazima itolewe kama hiba mtoaji akiwa hai, na katika madhehebu ya Shafi ambayo Waswahili wengi huyafuata, hiba haikamiliki mpaka kitu kikabidhiwe. Kuhifadhi kwa ajili ya mtu ni kitu kimoja, kumpa ni kitu kingine. Mama anayesema mbele ya somo na shangazi kwamba chupa ile ni ya mwanawe, na akamshikisha mkononi hata kama mtoto bado mdogo, anafanya tendo la kisheria, japokuwa walioshuhudia wataliita mapenzi.

Ndiyo maana pia chupa hizi hazionekani kirahisi katika nyaraka. Kumbukumbu za mirathi hupenda kuhesabu kinachogawanyika na kuuzika: nyumba, shamba, minazi, mikarafuu, dhahabu kwa uzito wake. Kilichotolewa kwa mkono ndani ya chumba cha wanawake hakikupita mezani pa karani. Mtafiti anayetegemea karatasi peke yake atahitimisha kwamba wanawake wa Mji Mkongwe walikuwa na mikufu lakini hawakuwa na historia ya kusubiri.

Siku ya kufungua ilikuwa na utaratibu. Bwana harusi ndiye aliyezoeleka kulipia kufunguliwa: katika mila za pwani alidaiwa ada, ikiwemo kifungua mlango, kabla ya kuingia chumbani. Carl Velten, katika Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903 iliyotokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, anahifadhi taratibu za harusi za Mrima ambazo kwa mengi zinafanana na za Unguja, ingawa si haki kuzichukua kama kwamba ni zilezile. Kufungua kwa upande wa wanawake kulitangulia kuliko huko kwa mlangoni. Somo ndiye aliyesimamia: bibi harusi alisingwa kwa singo na liwa, nguo zake zikafukizwa juu ya chetezo, nywele zikafukizwa nazo, na mwisho uturi ukatiwa nyuma ya masikio, viganjani na shingoni. Uturi uliokaa hautumiki kwa wingi. Tone moja la mafuta ya udi ya miaka mingi linatosha, na wanawake waliokuwemo chumbani walilitambua mara moja bila kuambiwa. Hapo ndipo umri wa chupa ulipotangazwa, kwa kuwa hakuna karatasi iliyobandikwa juu yake. Shangazi mmoja alitosha kuwa ndiye mwaka wa kuzaliwa kwake.

Harusi haikuwa siku pekee. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na katika muda wote huo hatakiwi kujitia manukato. Siku eda inapokwisha huoga, hubadili nguo, na hunukia tena. Kwa mjane kijana siku hiyo ni ya kurudishwa duniani. Kwa mjane mtu mzima, chupa inayofunguliwa huenda ndiyo ileile iliyofunguliwa mara ya kwanza usiku wa harusi yake. Katika fasihi inayohusu sherehe za Unguja tukio hili limepewa maneno machache mno kulinganisha na zefe na ngoma, labda kwa sababu halina kelele.

Waliokosa kasha

Yote yaliyosemwa mpaka hapa yanahusu nyumba zilizokuwa na kasha. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya watu wa Unguja walikuwa watumwa, na mtumwa hakuwa na mamlaka juu ya miaka yake ijayo. Ndoa yake ilihitaji idhini ya bwana. Mtoto wake angeweza kuwa mali ya mtu mwingine. Huyu hakuwa na sababu ya kuweka chupa, na hata angeiweka, asingekuwa na sheria ya kumlindia. Mikono yake, hata hivyo, ndiyo iliyosaga msandali, iliyochuma asumini, iliyotia makaa katika chetezo. Alijua harufu ya kukomaa kuliko mgeni yeyote wa karamu, ila hakuwa na cha kukomaza.

Manukato yake yalikuwa ya siku moja. Kikuba, yaani kishada kidogo cha asumini na rihani kinachobanikwa nguoni au kwenye nywele, huchumwa jioni na kufa kabla ya adhuhuri ya pili yake. Kinasimama mbele ya uturi kama tembo linavyosimama mbele ya mvinyo: kizuri, cha hapo hapo, kisichorithika. Asumini ilipendwa na matajiri pia, kwa hiyo haifai kuiita harufu ya maskini. Lakini kwa aliyekosa kasha ilikuwa karibu harufu yote aliyokuwa nayo.

Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na ya mwaka 1909 ikawafikia masuria ambao amri ya kwanza iliwaacha. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya burudani na siasa Unguja baada ya utumwa, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa au wazao wao walivyotumia mavazi, hasa kanga na buibui, kudai nafasi mpya katika jamii. Kinachoweza kuongezwa hapa ni kwamba vazi huonekana siku linapovaliwa, ilhali kasha linahitaji kizazi kizima. Mwanamke aliyeachwa huru mwaka 1897 aliweza kununua kanga mwezi uleule. Udi wa miaka 20 angeupata mwaka 1917, ikiwa angekuwa na chumba chake, kufuli lake na binti yake. Katika mitaa ya Ng'ambo, ng'ambo ya hori iliyoutenga mji wa mawe, kuwa na kasha lililofungwa kwa hiyo hakukuwa kuiga Waarabu, kama ilivyodhaniwa mara nyingine. Kulikuwa ni kuanza kuhesabu miaka kwa jina lako mwenyewe.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliikatisha hesabu hiyo upande mwingine. Maelfu ya watu waliuawa, maelfu wengine wakakimbilia Dar es Salaam, Mombasa, Oman na Uingereza. Ardhi ilitaifishwa na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikachukuliwa na serikali. Aliyekimbia kwa boti hakuweza kubeba kasha la msaji. Alibeba kilichoingia katika fundo la kanga, na katika hali hiyo dhahabu hutangulia uturi, kwa kuwa dhahabu hununua tiketi. Haifai kuyasoma matukio haya kwa jicho moja. Kwa wazao wa waliokosa kasha, Mapinduzi yalileta haki ya ardhi na shule ambayo amri ya 1897 haikuileta. Makala hii inadai tu kwamba miaka iliyohifadhiwa ni mali isiyoweza kutaifishwa na kugawiwa wengine. Chupa ikivunjwa, miaka yake 20 haimwendei mtu.

Ndoa yenyewe iliingia katika siasa. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na watu wa Baraza la Mapinduzi, tukio lililolaaniwa nje ya nchi. Katika ndoa ya namna hiyo hakukuwa na somo wa kuulizwa iwapo wakati umefika. Mambo mengine ya miaka hiyo yalikuwa ya kawaida zaidi lakini yaliwagusa watu wengi: uagizaji wa bidhaa ulibanwa, vyakula vikawa vya foleni, na udi, usio chakula wala dawa, ukawa adimu. Wenye akiba walipunguza matumizi. Kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya harusi moja kiligawanywa kwa harusi tatu.

Milango ya biashara ilipofunguliwa mwaka 1984 na 1985, wakati wa urais wa Ali Hassan Mwinyi visiwani, mizigo kutoka Dubai ilijaa madukani, manukato yakiwemo. Jamaa wa Maskati nao walianza kurudi wakiwa na vichupa mfukoni. Lakini wingi uliorudi haukuwa na umri. Sehemu kubwa ya kilichouzwa ilikuwa harufu za kiwandani zilizotiwa katika chupa zenye jina la udi. Wakati huohuo mti wenyewe ulikuwa unaisha: spishi ya Aquilaria malaccensis iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES mwaka 1995, na mwanzoni mwa mwaka 2005 jenasi nzima ikafuata. Udi mwingi wa sasa hutoka katika mashamba ambamo miti hujeruhiwa kwa makusudi ili kuharakisha utomvu. Wajuzi wa Mji Mkongwe hubishana iwapo udi ulioharakishwa hukomaa kama ule wa msituni; wanaobishana kwa ujasiri zaidi ni wale waliowahi kunusa wa zamani, na idadi yao inapungua kila mwaka.

Kasha nalo limebadili makazi. Makasha ya zamani yamenunuliwa na wakusanyaji na hoteli, na mengine mapya huchongwa na kuuzwa kwa watalii katika maduka ya Mtaa wa Gizenga. Katika jumba la makumbusho hutajwa mti wake, shaba yake na vipimo vyake. Ndani yake hamna kitu. Anayekihitaji kile kilichokuwemo ni lazima atafute penginepo: katika kabati la mbao nyepesi huko Kikwajuni au Mombasa ya Unguja, nyuma ya khanga za kisutu ambazo hazijakatwa, ndani ya soksi ya mtoto iliyofungwa fundo, kichupa cha tola moja kilicholetwa na shangazi kutoka Maskati na kukabidhiwa mbele ya watu wawili kwa msichana ambaye bado yuko darasa la tatu.